Mama Valérie na Sufuria za Yaredi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha historia ya kanisa katika Chuo cha Biblia cha Chemichemi, hapa Goma, Mama Valérie Nyiransabimana anastaafu leo, tarehe 31 Julai. Anatoka na afya yake, akili yake yote, na sauti ile inayosikika mpaka barabarani. Wanaotumaini kupumzika kutokana na sauti hiyo wasifurahi mapema: nyumba yake iko mlango wa tatu kutoka hapa.

Alizaliwa katika milima ya Masisi, kwa wafugaji. Baba yake aliita kila ng'ombe kwa jina lake, na binti akaja mjini akawatendea maaskofu vivyo hivyo. Kwake hakukuwa na kundi linaloitwa "Wakristo wa kale wa Afrika". Kulikuwa na Frumensi, kijana wa Tiro aliyekamatwa pwani ya Bahari ya Shamu akaishia kuwa askofu wa Aksumu. Kulikuwa na Apolo wa Uganda, aliyepigwa vibaya kule Mboga, akapona, akaendelea kuhubiri. Kulikuwa na kanisa la Faras, Nubia, ambalo mahali pake leo ni chini ya maji. Mtu wa Goma, aliyeona lava ya volkano ikimeza makanisa, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Na hapa niseme wazi, maana sherehe si sababu ya kunyamaza. Wako wasomi, wengine wameketi mbele hapo na soda mkononi, wanaoamini kwamba Injili ilifika Afrika ndani ya sanduku la mzungu. Mama Valérie amewapiga kwa hoja miaka yote hii bila kuchoka, na wakati wa mapumziko akawamiminia chai. Mimi chai nisingewapa.

Silaha yake kubwa ilikuwa matangazo ya Jumapili. Baada ya ibada katika kanisa la chuo, alisimama na kuwatangaza watu wa kale kama habari za asubuhi hiyo. Hakutaja karne. Alisema tu, "Apolo amepigwa Mboga, tumuombee," akaketi. Wanafunzi walijua desturi yake. Wageni hawakujua.

Ndipo ikaja Jumapili ya Yaredi. Masimulizi ya Ethiopia yanasema Yaredi alishindwa masomo, mwalimu akamchapa, mtoto akakimbia, mpaka alipomwona kiwavi akipanda mti, akianguka, akipanda tena. Alirudi shuleni, na nyimbo alizotunga zinaimbwa huko mpaka leo. Lakini Mama Valérie alitangaza nusu tu: "Yaredi ameshindwa shuleni, amechapwa, amekimbia. Hajala." Siku hiyo kanisani walikuwapo wamama wauza samaki wa soko la Kituku, wamekuja kwa mara ya kwanza, wakiongozwa na Mama Exaucée.

Kesho yake chukudu ya mbao ya magurudumu mawili iliingia uani ikiwa imebeba bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa sambaza, vya kulisha kambi nzima. Mama Exaucée alisimama mbele ya ofisi, mikono kiunoni: "Ule mutoto iko wapi? Na mwalimu mwenye kumupiga, atoke inje tumuone!" Mimi, mwalimu pia, nilitokea mlangoni wakati huo huo, nikarudi ndani haraka. Mama Valérie alipoeleza kwamba Yaredi amekufa zamani sana, Mama Exaucée alikasirika kweli: "Na kilio mulifanya bila sisi?" Kisha akaketi juu ya ndoo yake: "Basi tuambie. Alirudia masomo ao hapana?" Akasimuliwa yote. Chakula tulikila sisi walimu, na mimi nilijaza sahani mara mbili kwa niaba ya Yaredi.

Tangu siku ile wamama wa Kituku hawajakosa Jumapili. Samaki hukatwa huku Frumensi akijadiliwa. Niambieni ni chuo gani kingine kimefanya hivyo.

Mwezi uliopita kamati ya chuo iliamua kwamba Mama Valérie akiondoka, somo lake liondoke naye, nafasi ichukuliwe na usimamizi wa miradi. Nilipinga kwa maandishi na kwa kelele. Kanisa linalojua kuandika mradi lakini halijui lilikotoka ni shirika la ONG lenye kwaya. Hawakunisikia. Mama Valérie hakupigana. Jumapili mkurugenzi wetu, Pasta Moïse Twagirimana, akasoma uamuzi huo katika matangazo.

Jumatatu wamama walifika na mikeka, masufuria, kuni na nyimbo za msiba. Wakatandika uani, wakawasha moto. Mkurugenzi alitoka mbio kuuliza nani amekufa. "Papa Directeur," akajibu Mama Exaucée, "si ni weye ulitangaza kifo cha somo? Sisi tuko kwa kilio. Pole sana." Wapita njia wakasikia, wakaanza kuingia kumpa mkono. Wengine walimkumbatia. Mmoja alimwuliza kama marehemu ameacha watoto. Pasta Moïse alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kabla bugali haijaiva kamati ilikuwa imeketi, na somo limerudishwa.

Watu wanasema wamama walikosea kuelewa tangazo tena, kama kwa Yaredi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Mama Exaucée, na nilimwona akimkonyeza Mama Valérie.

Mama Valérie, asante kwa wote uliowafufua. Mungu akupe miaka mirefu, magoti yasiyouma na majirani wapenda ubishi. Ukitamani darasa, njoo Jumapili: Héritière Mahoro, mwanafunzi wako wa zamani aliyepokea somo, ametangaza kwamba Frumensi amekamatwa pwani. Kituku wameshasikia. Masufuria yako motoni.