Mwirigi Aende Ruiri, Nyimbo Zimepatikana

Jumapili hii, tarehe 30 Novemba, Julius Mwirigi anaacha kazi ya kupiga kinanda katika kanisa letu hapa Kinoru, baada ya kuifanya miaka thelathini na mmoja. Mimi, bibi yenu Shosho Ntinyari wa sauti ya pili, ndiye niliyeambiwa niandike habari zake. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo anayetaka maneno laini angojee mahubiri.

Mwirigi alikuja hapa akiwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Tulimkabidhi kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikuwa wamekila ndani, akakipiga hivyo hivyo. Baadaye wahisani wakatuletea kile cha umeme, kizito kama gunia la viazi, chenye diski ndani ya kuwekea nyimbo. Hapo ndipo Mwirigi alipoota mabawa. Kila wimbo wetu wa Kimeru aliutengenezea muziki wake, akaupandisha au kuushusha kufuata koo la mwimbaji, akauhifadhi kwenye diski. Hata mazoezi aliyanasa kwa maikrofoni, ati akisikiliza baadaye ajue ni nani anayepotea. Kuandika chini? Hakuandika hata noti moja. Na nyinyi wasomi wa kwaya mlikuwepo, hamkumwuliza.

Makosa alifanya. Kwenye mazishi fulani alibonyeza namba isiyo yake, muziki wa harusi ukalipuka kando ya kaburi. Mjane ndiye aliyeanza kucheka, akasema marehemu angeucheza. Mwirigi akainama kama anayefunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa gambuti za mpira.

Sasa vidole vyake vimekauka kama mwiko, na mkewe Karwirwa ameshahamia shamba la Ruiri, anakamua ng'ombe peke yake. Alimtumia Mwirigi ujumbe kwamba akiongeza mwezi mwingine mjini, kitanda chake atapewa ndama. Mwirigi akafunga virago. Kinanda nacho kikachagua wiki hiyo kukataa kazi. Ukikiwasha kinakwaruza tumboni, kioo kinasema hakuna wimbo.

Mwenyekiti wa kwaya, Kinoti, akatoa amri mbele yetu sote: "Mzee Mwirigi, hakuna kwenda mpaka nyimbo zirudi. Gatwiri ataanzia wapi?" Gatwiri ndiye mpigaji mpya, msichana wa Embu. Mikono anayo, lakini nyimbo zetu hajawahi kuzisikia. Na Mwirigi azipige upya kwa vidole gani? Nilimwona amekaa kwenye benchi amekumbatia kofia, nikajua ndama atalala pazuri.

Kinoti, kwa kujua kwake kwingi, akaitoa diski akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikasema haielewi kitu hicho, ikauliza kama iifute ianze upya. Na kidole cha Kinoti kimeshafika! Nilimpiga kofi mkononi, mbele ya msalaba.

"Wewe! Ukishindwa kufungua debe, unasema halina mahindi?"

"Lakini Shosho, imesema..."

"Imesema haielewi. Hata wewe huelewi, na hatujakufuta."

Gatwiri akasema Embu mjini kuna fundi wa vyombo vya muziki, anaitwa Ruguru. Tukaenda watatu, Mwirigi amekifunga kinanda kwa blanketi kama mgonjwa. Ruguru alisikiliza ule mkwaruzo, kisha akatufokea kwanza, jambo lililonifurahisha sana: diski imezeeka, na kila mkiiwasha mnaimaliza. Akatueleza kwamba kinanda hupanga vitu vyake kivyake, ndiyo maana kompyuta huona takataka. Hakuchambua chochote. Aliinakili diski nzima jinsi ilivyo kwenye kadi mpya, akaiweka kadi ndani ya kinanda mahali pa diski. Mwirigi alishindwa kutazama. Alikuwa nje akizungumza na mbuzi wa watu.

Kioo kikajaa nyimbo. Tulimwita, Gatwiri akabonyeza ya kwanza, na kumbe haikuwa wimbo bali mazoezi ya zamani. Tukasikia viti vikivutwa, mtu akikohoa, halafu Mwirigi akimnong'onezea mwenzake, wazi kabisa: "Huyu Ntinyari anaimba kama lango lisilopakwa mafuta. Siku nikistaafu, nitalala."

Ruguru akaziba mdomo. Gatwiri akatazama dari.

"Shosho, hiyo ni ya zamani," Mwirigi akasema polepole.

"Mimi nimeisikia leo."

Akanyoosha mkono aifute. Naye nikampiga kofi. Hakuna kufuta kitu hapa.

Basi Gatwiri ana nyimbo, Kinoti amenyamaza, ndama abaki zizini. Mwirigi, asante. Kila wimbo uliushusha mpaka ukafika pale koo langu linapofika, na hukuwahi kulitangaza kanisani. Ulinisema, lakini hukuniacha nyuma hata Jumapili moja. Wenye diploma wanaoimba mbele bila kungoja mtu wajifunze hapo.

Tunakutakia maziwa mengi, vidole vyenye joto, na kitanda chako mwenyewe. Krismasi ninakuja Ruiri na kwaya yote, na nitaanza kuimba nikiwa langoni. Lipake mafuta mapema, Karwirwa asije akatoka nje asijue ni nani anayelia, mimi au lango.