Paskalia Nyamizi Maduhu, Mama Aneth, Ambaye Mumewe Hakumpiga

Ndugu waombolezaji, mimi ni Herman Maduhu, kaka wa marehemu. Wasifu wa kwanza niliuandika Jumatano, nikauchana Alhamisi. Huu ni wa pili. Wazee wamenisihi niruke baadhi ya maneno. Shikamooni wazee wangu, lakini leo siruki.

Marehemu Paskalia Nyamizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Samuye, mtoto wa nne wa hayati Mzee Maduhu Mayala na mama yetu Mariana, aliyeketi hapo mbele. Jana angetimiza miaka thelathini na tisa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari Mhunze, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Siku ya kwenda Mhunze hakuwa na begi, akalikata turubai la kufunikia pamba na kujishonea. Baba alilitafuta turubai lake nyumba nzima, mpaka alipoliona linatoka getini mgongoni mwa binti yake. Tulijua atachapwa. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2006 alihamia Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akawa fundi wa kushona mifereji ya turubai inayopeleka hewa kwa watu walio chini ya mashimo. Kazi hiyo haitaki mchezo, maana mshono ukiachia, mtu anakosa pumzi. Wachimbaji waliofika hapa leo ni mashahidi kwamba mfereji wake haukuvuja.

Tarehe 10 Oktoba 2009 alifunga ndoa kanisani Chato na Marcel Magesa, fundi wa pampu. Miaka sita ilipita bila mtoto, na maneno yakawa mengi, mengine yakitoka kinywani mwangu. Nilimfuata Marcel nikamwambia kama amechoka, amrudishe dada yetu kwa heshima. Alinijibu, "Shemeji, mimi nilioa mtu. Sikuoa mimba." Nilimwona mjinga. Mwaka 2015 Mungu akawajalia Aneth.

Mwaka 2019 marehemu alianza kuumwa kifua upande wa kulia, maumivu yakipanda hadi begani, pumzi ikikata. Kule machimboni, ambako nami nafanya kazi, kila kifua ni vumbi au TB. Alipewa dawa za TB mara mbili, miezi sita kila mara, ingawa makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu. Jambo moja hakulisema, kwa sababu tulimlea asiliseme: kifua kilimshika kila alipokuwa kwenye siku zake. Aliyeligundua ni Marcel. Alikuwa akiweka alama kwenye kalenda, mwezi baada ya mwezi, akaipeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho jina lake naliacha. Walimcheka. "Baba, hedhi na kifua wapi na wapi?"

Jumanne hii, tarehe 11 Machi, alfajiri, alizidiwa. Marcel alimpeleka kituoni hapohapo, akanipigia simu nikaja. Tabibu aliingiza sindano kifuani akidhani atatoa maji, ikatoka damu. Akatugeukia akauliza, "Nani amempiga?"

Nilijibu mimi. Nilisema, "Ni mume wake."

Sikuwa nimeona kitu. Nilijua tu kwamba damu haijai kifuani mwa mwanamke bila mkono wa mtu, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa Marcel. Wanawake wanaopigwa wapo, nimewazika, na nilijiona shujaa. Tabibu akasema hiyo ni jinai, yeye hamgusi tena mgonjwa mpaka ije fomu ya polisi, PF3. Nikaenda mwenyewe polisi, nikarudi na askari. Marcel alitolewa kando ya kitanda amefungwa pingu, anapiga kelele, "Shemeji, mwambie daktari ni siku zake! Ni kila mwezi!" Nikamwambia afunge mdomo wake mchafu.

Fomu ilichukua saa tatu, maana mwenye mhuri alikuwa ametoka. Saa tatu hizo dada yangu alikaa kitandani akihema. Aliniita akaniambia, "Kaka, hajanigusa. Mwacheni, yeye ndiye anayejua." Nikadhani anamficha, kama wengi wanavyowaficha. Nikamjibu, "Pumzika, Nyamizi, hili tuachie sisi wanaume."

Fomu ilipopatikana tulipewa gari la kwenda Mwanza. Alifariki tukisubiri kivuko Busisi, saa nane na dakika ishirini mchana.

Alhamisi daktari aliyempasua alinikalisha chini. Hakukuwa na ubavu uliovunjika wala alama hata ya ukucha. Nyama ya aina inayoota ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota kwenye utando wa pafu lake, ikivuja damu kila mwezi, na mwezi huu mshipa ukapasuka. Ni ugonjwa adimu, alisema, na huenda ndio uliomchelewesha kupata mtoto. Nikamuuliza kuhusu zile saa tatu. Alisema kama damu ingetolewa kwa mpira mapema na akaongezewa nyingine, huenda angepona. Kisha akauliza, "Hakuna aliyejua kwamba inamjia kila mwezi?" Nikamwambia yupo, yuko mahabusu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msiseme "kazi ya Mungu haina makosa" mkinipa mkono. Haya ni makosa, na si ya Mungu. Ni ya tabibu yule na ya kwangu.

Jumatano, kabla hatujajua, ukoo uliamua mambo matatu: azikwe hapa na si kwa mumewe Chato, Marcel asitupe udongo, na Aneth abaki kwetu. La kwanza nimechelewa, kaburi limechimbwa na Marcel amesema marehemu asisumbuliwe tena. Mengine mawili nayafuta mimi niliyeyaanzisha, na mwenye neno aje kwangu.

Marehemu ameacha mume, Marcel Magesa, aliyetoka mahabusu jana jioni na amesimama kule nyuma kwenye uzio kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Ameacha mtoto mmoja, Aneth, atakayeondoka leo na baba yake. Ameacha mama, Mariana, na ndugu watano.

Marcel, shemeji, pita mbele. Udongo wa kwanza ni wako. Sikuombi uniangalie.

Lala, Nyamizi. Amani tuliyokunyima sisi, akupe Mungu.