Daktari Hakai na Mikato Miwili Nyuma ya Sikio

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Juni. Daktari wetu wa masikio anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika hospitali hii, na miaka thelathini na mmoja tangu yeye, dada yake na mimi tulipouacha mji wetu, kila mtu na mfuko mmoja. Tangu mwezi wake wa kwanza tunamwita Hakai, kwa sababu hakuna kiti kilichowahi kumzoea. Chai huinywa akitembea. Vikombe vyake tumeviokota kwenye kabati la glavu, juu ya mizani, hata ndani ya lifti.

Ndiye aliyetuletea vifaa vya kusikia vinavyoshikizwa kwenye mfupa. Skrubu ndogo huingizwa nyuma ya sikio, mfupa ukaishika, kisha kifaa hubanwa juu yake na sauti ikapita mfupani hadi sikio la ndani. Mwanzoni alifanya kama alivyofundishwa: mkato mrefu, ngozi ikapunguzwa unene, na nywele za pale hazioti tena. Baadaye akaja daktari mwenzake, mwanamke mtulivu kama maji ya mtungini, na mkato mfupi usiopunguza ngozi. Hakai alisema huo ni uvivu. Mwenzake akamjibu kwamba ukubwa wa shoka si ustadi wa kupasua kuni.

Walibishana kwenye korido hadi wagonjwa wakaanza kuchagua upande. Ndipo wakakubaliana kupima. Kila mgonjwa aliyeridhia angeokota karatasi iliyokunjwa kutoka bakuli la chuma. Karatasi ndiyo ingeamua mkato, na hakuna wa kuibadilisha. Kosa likajitokeza mapema: Hakai alikuwa akikagua vidonda mwenyewe, na vyake vyote, ajabu, vilikuwa vinapendeza. Mwenzake alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu hapo ukaguzi akapewa nesi, na kichwa cha mgonjwa kikafunikwa kitambaa chenye tundu la kuonyesha skrubu na ngozi iliyoizunguka tu, ili kipara kisitoe siri.

Kisha ikafika zamu ya dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Usikivu ulikuwa umemtoka kidogo kidogo mpaka akaacha kupokea simu. Kufikia hapo Hakai alikwisha kuutilia shaka mkato wake mrefu, ingawa matokeo yalikuwa hayajafunguliwa. Dada akaokota: mkato mrefu. Hakai aliizunguka meza, akarudi, akaizunguka tena. Kwa sauti ya chini akaomba karatasi irudishwe bakulini, dada aokote nyingine. Dada, aliyesoma midomo kuliko sisi tunavyosoma magazeti, alimwona.

"Mdogo wangu," alimwambia, "watoto wa watu wameokota wakanyamaza. Mimi kichwa changu cha dhahabu? Ukiirudisha hiyo, narudi nyumbani na uziwi wangu."

Karatasi ilibaki. Alipasuliwa na mwenzake, kwa kuwa hapa ndugu hampasui ndugu. Hakai aliipima korido asubuhi nzima, mpaka mfagizi akamwambia ashike basi na tambara, mwendo usiende bure.

Matokeo yalipofunguliwa, skrubu zilikuwa zimeshika sawasawa kwa njia zote mbili, na usikivu haukutofautiana. Lakini mkato mfupi ulimalizika mapema, uliacha ganzi ndogo zaidi, na nywele zilibaki mahali pake. Hakai aliyasoma mbele yetu sote bila kuruka mstari. Tangu siku ile hajapunguza ngozi ya mtu. Dada yake anasikia vizuri. Kile kipara cha ukubwa wa sarafu anasema ni cha ukoo, kimechoka tu kukaa kwa wanaume.

Uongozi umemwomba awe anakuja siku mbili kwa wiki. Amekataa. Anajijua: akiwepo atachungulia meza ya mwenzake, na kazi aliyomwachia haitakuwa ya mwenzake kamwe.

Kwa wote waliosikia tena sauti za watu wao kupitia mikono yako, Hakai, ahsante. Tunakuombea siku nyepesi na miguu yenye pa kwenda. Kesho Hakai anahamia kwa dada yake, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Hatarudi.