Mawe ya Babu Chokaa

Wasikilizaji wapendwa, kama uko karibu na redio vuta kiti, kama uko jikoni punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wetu tulimjua kwa mikono yake. Mikono myeupe, imejaa chokaa. Alifariki Jumanne ya wiki jana, mchana, kitandani kwake, katulia kama mtu aliyetoka zamu. Tulimwita Babu Chokaa.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Ndiyo, kutembea! Alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kila asubuhi, kabla ya treni ya kwanza, anatembea kilomita sita juu ya mataruma yanayobeba reli, nyundo begani, bendera nyekundu kiunoni, filimbi shingoni. Anagonga reli, anasikiliza, anakaza nati, anasonga mbele. Miaka thelathini na moja. Ukimwuliza, "Babu, hiyo reli inasemaje?" anakujibu, "Inasema umechelewa shule."

Sasa, chokaa ilitoka wapi? Ilitoka kwenye msiba. Mwaka mmoja magaidi walitega bomu kwenye reli, mbali kidogo na hapa. Treni ya mizigo ikalipuka. Mmoja wa waliokufa ni mwenzake wa zamu, aliyekuwa akigawana naye chai kwenye kikombe kimoja cha bati. Binti yake anakumbuka siku ile. "Baba alirudi akakaa mlangoni na viatu vyake. Akasema, uwanja wa ndege una mlango, wanakukagua mpaka soli. Benki ina mlango. Reli haina mlango. Mtu anaweza kuingilia popote."

Basi akatengeneza mlango wake. Kila penye maungio ya reli aliweka jiwe, na juu ya kila kalvati, kile kidaraja cha kupitishia maji chini ya reli, mawe sita, kila moja akalipaka chokaa upande wa juu tu. Upande wa chini mweusi. Alijiambia hivi: mtu akifukua pale lazima asogeze jiwe, na kulirudisha vilevile hawezi, hajui lilikaaje. Hakuna aliyemtuma. Ndoo ya chokaa alitoka nayo nyumbani.

Tulimcheka jamani! Treni yetu ya asubuhi ikimpita tunatoa vichwa dirishani: "Babu, unapaka mawe poda? Yanakwenda harusini?" Nasema tulimcheka, maana na mimi nilikuwamo.

Halafu akaanza kusimamisha treni. Mara ya kwanza, jiwe lilikuwa limegeuka. Ilikuwa mbwa, alifukia mfupa. Mara ya pili, watoto walikuwa wanacheza. Mara ya tatu, mvua tu, ilisafisha chokaa yote. Watu wamechelewa kazini, wanafunzi wamekosa mtihani, simu zinalia ofisini. Msimamizi wake akamwandikia barua ya onyo. Ukisimamisha treni tena bila sababu, rudisha bendera na filimbi, kazi basi. Mara tatu, wasikilizaji. Ya nne ni kwaheri.

Na nyumbani kulikuwa na mke mgonjwa na binti aliyekuwa bado anasoma. Mkewe, mama yetu aliyebaki mjane leo, aliniambia, "Nilimsihi, baba watoto, hata ukiona jiwe limesimama linacheza ngoma, pita. Alicheka. Barua aliiweka mfuko wa shati."

Ikafika Jumatatu moja. Saa moja kasoro dakika kumi na mbili, jua limeshatoka. Yuko kwenye kalvati. Mawe matano meupe, moja jeusi. Kokoto pembeni zimekaa sawa kabisa, kama siku zote. Jiwe moja tu. Na honi ya treni anaisikia kule kwenye kona. Treni yetu, mabehewa manane, watu wamejaa mpaka mlangoni.

Hakuligusa lile jiwe. Alikimbia. Hakuikimbia treni, aliifuata, katikati ya reli, bendera juu, filimbi mdomoni, barua mfukoni. Dereva akafunga breki. Ikasimama.

Dereva mwenyewe kanisimulia. "Nilimwuliza, Babu, leo nini tena, mbwa au mvua? Akasema, sijui. Nikamwambia, hujui? Unasimamisha treni nzima na hujui? Akasema, mwanangu, sijui. Ndiyo maana nimekusimamisha."

Tulizomea. Nilikuwa behewa la tatu, nilizomea mpaka sauti ikakauka. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Walipokuja wataalamu wakalala kifudifudi pale kalvati, wakainua mikono kutuambia turudi nyuma, behewa zima tukasukumana kurudi nyuma. Bomu lilikuwepo. Wasikilizaji wapendwa, lilikuwepo.

Alipewa cheti, akapigwa picha. Msimamizi akaja nyumbani kwake kuomba ile barua aichane. Babu akakataa. "Cheti kiko kabatini chini ya mashuka," anasema binti yake. "Barua aliitia fremu, akaitundika sebuleni. Mgeni akimsifu kwa ile mara ya nne, anamwonyesha barua. Anasema, hiyo ya nne hata wewe ungesimamisha kama ungejua. Nisifuni kwa zile tatu."

Alistaafu miaka mitatu iliyopita. Stesheni ikafungiwa kamera nne. Stesheni, sawa. Zile kilomita sita hazina mtu. Mawe yamebaki na rangi ya vumbi.

Alhamisi tulipomzika, treni ya asubuhi ilisimama kwenye kalvati. Hakukuwa na bendera wala filimbi. Abiria mmoja akauliza, "Dereva, kuna nini?" Dereva akajibu, "Sijui." Akashuka, akapita akiangalia jiwe moja moja, mawe sita, taratibu. Akarudi, akaondoa treni. Na safari hii, wasikilizaji, hakuna aliyezomea.

Mama, dada yetu, pokeeni pole yetu sote, na pole ya mabehewa manane. Mungu ampumzishe. Na ninyi wakubwa mnaopanga kazi za reli, mnatusikia: nani anatembea kule asubuhi?

Na wewe msikilizaji, kesho ukipanda treni ikasimama ghafla katikati ya njia, kabla hujafungua mdomo, tazama kwanza mawe.