Wasifu wa Mazi Udeozo Anyaegbu, Aliyeshika Ofo ya Ukoo

Mazi Udeozo Anyaegbu alizaliwa mwaka 1936, siku ya gulio la Nkwo, katika kijiji cha Umuagwu karibu na Nsukka. Tarehe haikuandikwa, mama yake alikumbuka tu kwamba viazi vikuu vilikuwa vimekwisha kuvunwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha baba yake alipoanguka kutoka juu ya mchikichi na kuvunjika nyonga. Akaichukua kamba ya kupandia, akawa mgema kwa zaidi ya miaka hamsini. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye alisifiwa na vijiji vitatu, na hakutia hata tone.

Mwaka 1964 alimwoa Ekemma Nwodo. Siku ya harusi, bibi harusi, ambaye kwa desturi humtafuta mumewe kati ya wageni ampe kikombe cha tembo, alimpita mara mbili akijifanya hamwoni, hadi Marehemu akaita, "Mke wangu, utaniua kwa kiu!" Walijaliwa watoto watatu.

Baba yake alipofariki mwaka 1971, Marehemu alikabidhiwa ofo, kijiti cha wazee ambacho mtoto wa kwanza hukishika akiomba na akiamua kesi. Kila alfajiri aliiinua, akavunja kokwa ya kola, ile ya kuombea baraka, akatuombea sote kwa majina. Aliyetaka kuapa ukweli alikuja barazani kwake.

Sehemu inayofuata ndugu zangu walitaka niiruke. Siwezi.

Tarehe 12 Aprili 2010 mimi Obiajulu, mwanawe wa kwanza ninayesoma haya, nilikuwa nimeokoka wiki sita tu. Hakuna mchungaji aliyenituma. Ulikuwa ujuaji wangu. Marehemu akiwa kwenye michikichi yake, niliichukua ofo, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaichoma.

"Moto wa nini saa hizi?" aliuliza aliporudi.

"Nimekufungua, Baba. Ulikuwa kifungoni."

"Kumbe nilikuwa nimefungwa! Na hiyo michikichi nilikuwa napandaje?"

Kisha akaona majivu yale yalikuwa ya nini, akaketi chini. Hakunilaani.

Kwa kuwa hakuwa tena na ofo, baraza la ukoo likahamia kwa binamu yake. Marehemu, mkubwa wao wote, akawa anakaa karibu na mlango kama mgeni. Mimi waliniita mrithi wa majivu, na nilistahili. Hata sasa naona haya kusimama mbele yenu. Lakini kila alfajiri Marehemu aliendelea kuinua mkono wa kulia, vidole vimefumbata hewa tupu, akatuombea kwa majina. Alianza na langu.

Agosti 2018 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Januari 2019, aliniita kitandani kwake, akaweka ngumi yake ndani ya kiganja changu, akaifungua.

"Shika, mwanangu."

"Baba, hamna kitu."

"Hicho hicho ndicho nilichoshika miaka yote hii. Funga mkono wewe, kisije kikaanguka."

Nikafunga. Saa nne akafariki.

Ameacha mjane, Mama Ekemma. Mabinti, Oluchi na Mgbeke. Wajukuu kumi na mmoja. Na mimi, ambaye kesho alfajiri nitavunja kola na kuwataja nyote, nikianza na walioniita mrithi wa majivu.

Lala kwa amani, Baba. Mkono bado nimeufunga.