Mama Viti na Kengele Ambayo Hakuisikia

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani kwamba kusikiliza ni kazi ya masikio tu. Mwenzetu anayestaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha ushauri nasaha, ametuonyesha kosa hilo kwa namna ambayo mpaka leo hatujarudiwa na pumzi.

Wateja humwita Mama Viti. Jina hilo alipewa na seremala mmoja aliyekuja na mkewe, akatoka akimlalamikia mlinzi kwamba amehamishwahamishwa viti kama mwanafunzi mtukutu. Kikao kilichofuata alikuja amebeba kigoda alichokichonga mwenyewe: kama ni kuhamishwa, alisema, basi ahamishwe na kiti chake. Kigoda kipo mpaka leo, na seremala na mkewe wapo pamoja.

Kwa wageni wa kazi hii, inafaa kueleza kidogo. Mtu aliyekuja peke yake, Mama Viti hakumweka ng'ambo ya meza kama mshtakiwa. Alimketisha karibu, kulia kwake, akamtazama usoni, akangoja. Alitufundisha kwamba mtu huyo amebeba mzigo ambao hajaufungua. Ukiufungua wewe, atakana kwamba ni wake.

Wanandoa ni habari nyingine. Hapo mteja si mume wala mke, bali ni ndoa yenyewe, na mshauri anayeegemea upande mmoja ameshaivunja. Mama Viti aliwakalisha wakielekeana, na hakuna aliyeruhusiwa kujibu kabla ya kurudia alichoambiwa, mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wengine walimaliza saa nzima kwenye sentensi moja. Mara nyingi ilikuwa ndiyo sentensi iliyowaleta.

Familia nayo ni kama chandarua: ukivuta pembe moja, zote zinatikisika. Kwa hiyo hakumtibu mtoto mkorofi peke yake. Aliwaita baba, mama, bibi, hata shemeji mwenye maneno. Akawapa mwiko wa mbao. Aliyeushika ndiye msemaji, wengine kimya. Kuna shangazi aliyeukumbatia mwiko ule muda mrefu mno, hadi mdogo wake akamwambia, "Dada, chakula kimeiva zamani, pakua tule." Familia nzima ikacheka, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Tuliziita mbinu za Mama Viti. Tuliwafundisha wanagenzi, na hakuna mshauri hapa ambaye hamketishi mteja wake kulia.

Kisha mwezi uliopita birika la umeme likaungua katika chumba cha chai. Moshi ukajaa, kengele ya hatari ikalia, na sote tukatimka hadi uani, mkurugenzi akiwa na kiatu kimoja. Tulipotazamana, Mama Viti hayupo. Mlinzi alirudi ndani amejiziba pua kwa kofia. Alimkuta na mume na mke fulani, mlango umefungwa, wote watatu wametulia tuli. Baadaye mume alieleza kwamba kengele waliisikia vizuri kabisa. Ila walipomwona mshauri hatikisiki, walidhani ni sehemu ya tiba, na kila mmoja akaogopa kuonekana amekimbia akamwacha mwenzake.

Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilikatika ghafla pale Mama Viti alipouliza, kengele gani?

Ndipo akatueleza: sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa, akiwa bado mshauri mpya. La kulia limekuwa likififia pole pole. Viti vilihama ili asome midomo. Maneno yalirudiwa ili yakimpita mara ya kwanza ayanase mara ya pili. Mwiko ulikuwepo kwa sababu sauti mbili zikigongana, yeye husikia mvumo tu. Na sisi, ambao tunalipwa kugundua yasiyosemwa, tumekunywa naye chai miaka yote hiyo bila kugundua! Alisema alinyamaza kwa kuogopa kuondolewa. Kisha akaongeza, kwa upole uliotuchoma kuliko lawama, kwamba hata hivyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aliomba aondoke kimya kimya, bila sherehe. Aliogopa wateja wataona wametapeliwa, na kwamba miaka yake yote itaitwa kiini macho. Mkurugenzi alimshauri awaambie wateja mwenyewe, naye akakubali. Alianza na wale wa siku ya moshi. Mke akasema, "Mama, wenye masikio mazima tunao tele nyumbani. Sisi tulikuja kwako."

Wako wanaouliza kama mbinu zile zilikuwa mbinu kweli. Zilikuwa. Alizisoma chuoni kama sisi. Tofauti ni kwamba sisi tulizitumia tulipozikumbuka, na tulipochoka tukajisemea moyoni kwamba tumeshaelewa. Yeye hakuweza kujidanganya hivyo hata siku moja. Ilimbidi ahakikishe. Wateja waliona jinsi anavyohakikisha, wakajua kuna mtu anayetaka kweli kujua walichosema.

Mama Viti, asante kwa kila kiti ulichokisogeza. Sherehe itafanyika, upende usipende. Tutazungumza mmoja mmoja, na mwiko utakuwepo. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na wajukuu wagombanie kukaa kulia kwako.

Nawe unayesoma: leo, mtu wa nyumbani mwako akikwambia jambo, mrudishie kwanza alichosema, umwulize kama ndivyo, kabla hujamjibu.