Radhi Aliyoitafuta Haroub Mjaka, Mwandika Mabango wa Jadida

Masheikh, wazee wetu, jamaa na majirani mliofika kwenye hitima hii, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Huu ni wasifu wa marehemu Haroub Mjaka Kificho, unaosomwa na mdogo wake, Hafidh.

Marehemu alizaliwa Msuka tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne wa Mzee Mjaka Kificho na Bi Saada. Alisoma hapo hapo Msuka, kisha Wete. Shuleni, kila aliyetaka jina lake lipendeze juu ya daftari alimpelekea yeye, na daftari zake mwenyewe zikabaki tupu.

Mwaka 1990 alianza kujifunza kuandika mabango kwa Mzee Ahmada, mjini Wete. Siku hizo mwandiko wa fundi ulikuwa mali yake. Mwanafunzi hakuutumia kwa kazi zake mpaka aombe ruhusa kwa mwalimu, mbele ya watu, kwa kahawa na halua. Haroub aliomba, akapewa. Bango lake la kwanza lilikuwa la bucha, na mwenye bucha akataka picha ya ng'ombe. Herufi alizijua, ng'ombe hakumjua. Alimchora mbavu nje, wateja wakawa wanauliza kama nyama ni ya huyo huyo.

Alimuoa Bi Ummkulthum mwaka 1998, wakaishi Jadida kwa kusikilizana. Hakuna bango lililotoka nyumbani kabla mkewe hajalitazama, na akisema baya, lilifutwa.

Kompyuta zilipoingia, naye alifungua duka la kuchapisha. Mwaka 2021 kinamama wa Kisiwa Panza, wakiongozwa na Bi Mwanamize, walimwomba nembo ya sabuni yao ya mwani. Alichukua mtandaoni fonti, yaani herufi zilizokwisha kuchorwa na mtu, akaandikia jina la sabuni. Kompyuta haikumkataza, naye hakumtafuta mwenyewe wa kumwomba. Sabuni ilipofika nchi za nje, kampuni yenye fonti ile iliandika kwamba kwa nembo ya biashara inatakiwa leseni, na leseni hiyo haikuwapo. Mnunuzi wa huko akasita. Kinamama walikaa chini wakabandua karatasi yenye nembo ile kwenye kila kipande cha sabuni, na marehemu alikaa nao akibandua.

Aliichora nembo upya kwa mkono wake. Mnunuzi alirudi, na kampuni ikaandika kwamba jambo limekwisha. Kwake halikwisha. Alimwambia binti yake, Khairat, aandike tena kwa Kiingereza, aulize nani hasa alizichora herufi zile. Kampuni ilijibu kuwa ni mama mmoja aliyekwisha kuacha kazi pale, na kwamba suala la leseni limefungwa.

"Leseni ni mambo ya kampuni," alisema. "Mie nataka radhi ya huyo mama alochora. Mzee Ahmada nlimwomba. Huyu nlimchukulia tu. Kesho mbele ya Mungu ntajibu nini?"

Khairat akamwomba mtu wa kampuni amfikishie mama huyo salamu na ombi la baba yake.

Mwaka jana figo zake zilishindwa. Alipelekwa Unguja kusafishwa damu, akarudi amekonda, brashi haishikiki mkononi. Ilituuma sana kumwona hivyo. Kila Khairat alipoingia chumbani aliulizwa lile lile.

"Kajibu?"

"Bado, Baba."

Alifariki nyumbani Jadida, Ijumaa tarehe 9 Januari 2026, baada ya sala ya alfajiri, mkewe akiwa ameushika mkono wake. Alizikwa Msuka siku hiyo hiyo. Sheikh alipouliza kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu, Bi Mwanamize, aliyevuka na kinamama wenzake kuja mazikoni, alituma neno kwa wanaume: "Siye tushamsamehe zamani." Na wengine wote waliitika kuwa wamemsamehe.

Marehemu ameacha mjane, Bi Ummkulthum, watoto wawili, Khairat na Haji, wajukuu watatu na ndugu wanne. Familia inawashukuru wote mliotoa radhi. Jana Khairat ameiandikia tena kampuni, kueleza kwamba baba yake amefariki na ombi lake lipo pale pale. Jina la mama yule hatulijui mpaka leo, na hajajibu.

Mola amridhishe mama huyo kwa niaba ya marehemu, na amlaze Haroub mahali pema.